Mswaki Uliolowa: Sista Filomena Kobelo Anaiaga Wodi ya Mahututi

Sista Filomena Kobelo anastaafu Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2025, siku anayotimiza miaka sitini, baada ya kuitumikia Hospitali ya Bondwa kwa miaka thelathini na sita. Kumi na minne ya mwisho ameitumia katika wodi ya wagonjwa mahututi, na hiyo ndiyo niliyoombwa kuieleza hapa, kwa kuwa nimefanya naye kazi humo karibu muda wote. Naitwa Jonathan, muuguzi wa wodi hiyo hiyo. Mhariri wa jarida letu anaidai makala hii tangu wiki iliyopita. Nimechelewa kwa sababu kila nikikaa kuandika nainuka tena kwenda kuchungulia wagonjwa, ugonjwa ambao nimeambukizwa na mstaafu mwenyewe.

Niwatoe wasiwasi ndugu zake mapema. Mimi ni Mzigua wa Turiani, yeye ni Mluguru wa Nyandira kule Mgeta, na watani tuna ruhusa yetu. Nikisema kwamba Sista Filomena hana subira, kwamba hajui kazi ya kiti, na kwamba chai yake huinywa amesimama mlangoni huku sikio moja likiwa kwenye mashine, msinikasirikie. Anavyotembea kwenye korido yetu, ambayo ni tambarare kabisa, utadhani anapandisha mlima na mzigo kichwani. Kwa miaka yote hii nimemwambia kwamba sakafu ya Bondwa haina mteremko, naye kwa miaka yote hii amenijibu kwamba Mzigua akiona kilima hulala chini kusubiri kiondoke.

Alizaliwa katika familia ya wakulima wa kabichi na karoti. Akasoma shule ya misheni, akaenda chuo cha uuguzi, akaajiriwa hapa mwaka 1989. Alianzia wodi ya watoto, akahamia upasuaji, na kote huko alisifiwa kwa kazi na kulalamikiwa kwa makelele. Hospitali ilipopata mashine za kupumulia mwaka 2011, matroni wa wakati huo alimpeleka wodi mpya ya mahututi akisema kwamba huko hakuna mtu anayeruhusiwa kukaa, kwa hiyo Filomena atajisikia nyumbani. Wageni wengi humdhania mtawa kwa sababu ya lile jina la Sista, na wapo waliomwomba awaombee. Huwaombea, kisha huwaeleza kwamba ana mume na watoto wanne.

Kwa wenzetu wa uhasibu na jikoni ambao hawaingii wodini kwetu, nieleze kidogo kazi yenyewe. Mgonjwa asiyeweza kupumua huwekewa mpira unaopita mdomoni hadi kwenye njia ya hewa, na mashine ikampumulia. Mpira ule unamwokoa, lakini unamwacha mdomo wazi kutwa kucha. Hawezi kumeza mate wala kukohoa. Uchafu wa meno na ulimi huzaana, ukachanganyika na mate, na mate yakateleza taratibu pembeni ya mpira kuelekea mapafuni. Nimonia huanzia hapo. Mtu aliyeletwa kwa ajali au kwa sumu anaweza kupona kilichomleta, halafu akauawa na kitu kilichotoka kinywani mwake mwenyewe. Kinga yake ni kuinua kichwa cha kitanda, kunyonya mate yanayotuama, na kusafisha meno, fizi na ulimi asubuhi, mchana na jioni. Ni kazi ndogo isiyopigiwa makofi na mtu, na siku wodi ikichachamaa ndiyo ya kwanza kurukwa.

Zamani hatukutumia mswaki. Tulikuwa tunachukua kipande cha shashi, kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, tunakilowesha maji, tunamfuta mgonjwa midomo, fizi na meno. Ndivyo tulivyofundishwa, na ndivyo Sista Filomena alivyokuwa akifanya mpaka alipoletwa Mwinjuma.

Mwinjuma ni mkulima wa Kinole. Aliumwa na nyoka aina ya fira akiwa shambani kwake, kwenye migomba. Sumu ya fira hulegeza misuli yote, hata ya kupumulia na ya kufungulia macho, lakini akili huiacha kama ilivyo. Mwinjuma alilala kwetu kope zimefungwa, hasogezi hata kidole, na anasikia kila kitu. Sisi wauguzi tulilijua hilo. Ndugu zake tuliwaambia, ila kuambiwa ni kitu kimoja na kuamini ni kingine, hasa ukimtazama mtu aliyelala vile.

Saa ya kuona wagonjwa, mkewe, Bi Zuleha, alikuwa amesimama nje ya kioo. Akamwona Sista Filomena anainama juu ya mumewe na kitambaa chenye maji, anamlowesha midomo polepole. Kila mtu wa Kinole analijua tendo hilo. Anayekata roho hulowanishwa midomo ili asiondoke na kiu, huku akitamkishwa shahada. Bi Zuleha hakusubiri maelezo. Alipiga yowe lililosikika mpaka famasi, akaingia na kumlilia mumewe pale kitandani.

Kilichofuata kilikwenda kasi kuliko sisi. Shemeji zake waliokuwa kwenye benchi la nje wakamfuata ndani, wakashika simu. Kinole wakapata habari, majamvi yakatandikwa, sufuria kubwa zikaazimwa, sanda ikanunuliwa, na kwa kuwa walitaka kuzika siku hiyo hiyo, vijana wakaanza kuchimba. Watani nao hawakulaza damu. Mmoja aliingia kaburini akajilaza, akasema hatoki hadi alipwe, maana alikuwa anamdai marehemu na haoni sababu ya kumpisha bure. Alasiri, gari aina ya Kanta likasimama kwenye geti letu limejaa wanaume wenye kanzu na barakashia. Walikuja kuchukua maiti.

Sista Filomena ndiye aliyetoka kuwapokea. Aliwaambia Mwinjuma yu hai. Wakamwambia wanaelewa kwamba ni uchungu, lakini awape mtu wao. Ilibidi awaingize mmoja mmoja, akamshika kila mtu mkono na kuuweka juu ya kifua cha Mwinjuma kinachopanda na kushuka, na hata hapo mzee mmoja aliuliza kama mashine hiyo haiwezi kumfanyia hivyo mtu yeyote. Huko nje Bi Zuleha alikuwa ameketi chini akiwa amejifunika khanga. Alipohakikishiwa kwamba hajafiwa alikasirika kuliko alipodhani amefiwa. Sista Filomena alisimama akasemwa vya kutosha, naye hakujibu, jambo ambalo halijatokea tena mpaka leo.

Wiki iliyofuata Mwinjuma akaondolewa mpira, na mambo yakawa mapya. Alikuwa amesikia yote. Alisikia yowe, akasikia wanavyopanga nani apige simu na nani anunue sanda, na akasikia mkewe anavyomsamehe pale kitandani kwa sauti ya kilio. Miongoni mwa aliyosamehewa lilikuwemo jambo ambalo Mwinjuma alikuwa na uhakika kwamba Bi Zuleha halijui. Sitalitaja, lakini lilikuwa na nyumba yake kule Mkuyuni. Alituambia kwamba kulala pale hawezi kusema chochote ilikuwa taabu, ila baada ya kusikia hilo alishukuru Mungu kwamba hawezi kusema chochote.

Kuhusu kaburi, wazee wa Kinole walikataa liachwe wazi, maana kaburi lililokwishachimbwa halirudi bure. Walichukua mgomba wakauzika. Ubwabwa ukaliwa hivyo hivyo. Mwinjuma anaapa kwamba mgomba ule ulichipua, na mwaka uliofuata alituletea mkungu wa ndizi akidai umetoka juu ya kaburi lake mwenyewe. Mimi sikula. Sista Filomena alikula mbili, amesimama.

Watu tulicheka sana juu ya kisa hicho, na tunacheka mpaka leo, lakini Sista Filomena hakikumtoka. Alichokuwa anakirudia ni kwamba Mwinjuma alisikia. Mtu amelala, yu hai, anasikia anaombolezwa kwa sababu ya kitambaa alichokishika yeye. Alizunguka na jambo hilo siku nyingi, akawa mkali hata kwa wasiohusika. Kisha asubuhi moja alikuja na mswaki wa mtoto, ule mdogo wenye nywele laini, akampigia mswaki mgonjwa aliyekuwa kwenye mashine mbele ya ndugu zake, akimwita kwa jina lake na kumwambia kumekucha. Ndugu hawakulia. Mmoja wao alicheka, akasema baba hapendi kupigishwa mswaki.

Tangu siku hiyo shashi iliachwa kutumika kwenye meno. Sista Filomena alieleza kwamba mswaki unajulikana na kila mtu: anayepigwa mswaki anategemewa kula. Pia unasugua uchafu ambao kitambaa kinaupita juu juu, na hilo mapafu ya wagonjwa wetu yalilithibitisha. Akaweka utaratibu kwamba ndugu wa mgonjwa yeyote wa mashine, kabla ya kuleta shuka au uji ambao mgonjwa hawezi kuunywa, alete mswaki mdogo laini. Auandike jina, aukabidhi mlangoni kwa mkono wake. Mwenye duka la getini, mama aitwaye Pili, akaanza kuiweka ya kutosha, na akimwona mtu mzima ananunua mswaki wa mtoto humuuliza kwa upole kama ni wa mahututi, kisha humwambia pole. Ndugu wengi wametueleza kwamba kununua ule mswaki ndiko kulikowapa mahali pa kushikilia. Waliingia getini wakidhani wamekuja kuaga mtu, wakatumwa dukani.

Nisimfanye malaika, maana atanicheka. Sista Filomena amekagua vinywa vya wafanyakazi bila kuombwa. Wanafunzi wa uuguzi wanaokuja kwetu kwa mafunzo hutafuna karafuu kabla ya kuingia zamu yake. Aliwahi kumrudisha nyumbani fundi umeme aliyekuja kubadilisha taa kwa sababu, alisema, wagonjwa wake wana matatizo ya kutosha ya hewa. Na lipo suala la dawa ya kusukutulia. Kwa miaka mingi tulipaka dawa kali ya kuua vijidudu kila baada ya mswaki, naye aliipenda kupita kiasi. Aliificha kabatini kama sukari. Dk. Irene, daktari wetu wa usingizi, alipotueleza kwamba tafiti mpya zinaonyesha mswaki wenyewe ndio unaosaidia na ile dawa tuiache, Sista Filomena alinuna. Alibishana wiki nzima. Alidai harufu yake peke yake inatosha kutisha vijidudu. Wiki iliyofuata akaja na chupa zote zilizokuwa zimefichwa, nyingine mahali ambapo sikujua ni kabati, akamkabidhi Dk. Irene akasema haya, nimekosea, tuendelee na kazi. Hata hilo alilisema akiwa anaondoka.

Sasa nifike kwenye kinachoninyima usingizi, na ambacho ndicho hasa nilichotaka kukiandika.

Mwezi wa pili mwaka huu Sista Filomena alichukua likizo yake ndefu ya mwisho, akapanda Nyandira kumalizia nyumba yake. Mvua zilikuwa kubwa, ajali nyingi, vitanda vimejaa, na wenzetu wawili walikuwa wamehamishiwa wodi nyingine. Kila mmoja wetu alidhani mwenzake amewapigia wagonjwa mswaki. Siku za mwanzo ilikuwa kweli. Baadaye ikawa nusu kweli.

Katika siku hizo tulikuwa na mgonjwa aitwaye Hidaya, fundi cherehani wa Mwembesongo, aliyeletwa na kifafa cha mimba na kujifungua kwa upasuaji. Mtoto alikuwa mzima. Hidaya naye alikuwa anaelekea kutoka kwenye mashine, halafu homa ikapanda, makohozi yakawa mazito, na picha ya kifua ikaonyesha nimonia. Hakuna anayeweza kuapa kwamba ni kwa sababu ya mswaki. Alikaa kwenye mpira kwa muda mrefu sana kuliko ilivyopaswa. Mama yake alikuwa akimleta mtoto kwenye kioo, anamnyanyua juu, na sisi tuliokuwa ndani tulikuwa tunatazama pembeni. Hidaya alipona. Aliporudi nyumbani mtoto alikuwa ameshazoea mgongo wa bibi yake na akawa anamlilia huyo. Hidaya alinieleza hilo mwenyewe alipokuja kliniki, bila kulaumu mtu, na niliona aibu ambayo haijaniisha.

Sista Filomena alirudi kutoka likizo asubuhi wakati Hidaya bado yuko kitandani. Hakusalimia. Alipita kitanda hadi kitanda, akagusa nywele za kila mswaki kwa kidole gumba. Miswaki ilikuwa mikavu. Tulisimama tukisubiri makelele, na kusema kweli tuliyatamani. Badala yake alivuta kiti cha mgeni, akakaa. Katika miaka yote hiyo sikuwahi kumwona amekaa akiwa zamu, na yeyote aliyekuwepo atawaambia kwamba kiti kile kilitutisha kuliko mashine kulia. Alisema kwa sauti ndogo kwamba kumbe miaka yote hii alikuwa anapiga watu mswaki tu. Hakuwa amefundisha mtu.

Kisha akainuka, akaingiza mikono kwenye mifuko ya gauni lake, na tangu siku hiyo hakugusa tena mswaki kwa kazi.

Sijui kama mnaweza kuelewa adhabu aliyojipa. Mama huyu ambaye mikono yake haijawahi kutulia alisimama miezi mitatu mikono mfukoni, anatazama. Tukisahau, hakutukumbusha. Alikuwa anaanza kwenda kitandani, anageuka, anaenda kunawa mikono ambayo haikushika kitu. Mfuko wa kulia ulichanika akaushona, ukachanika tena. Mwenzetu Abeid akisafisha meno na kuacha ulimi, ungesikia pumzi ikitoka puani mwa Sista kama pancha, mpaka Abeid akageuka kuurudia ulimi bila kuambiwa. Jambo moja tu alijiruhusu: kugusa nywele za mswaki kwa kidole gumba baada ya zamu kumaliza. Zikiwa zimelowa, aliondoka. Zikiwa kavu, pia aliondoka, na hiyo ndiyo iliyotuuma. Mwezi wa nne ilikuwepo miswaki mikavu. Mwezi wa tano ilikuwa michache. Mimi nilianza kuigusa kabla yake, na nikagundua wenzangu nao wanaigusa.

Mwezi huu, zikiwa zimebaki wiki chache astaafu, aliletwa mjomba wake.

Kwa Waluguru mjomba si ndugu wa kutembelewa sikukuu tu. Ukoo umekaa kwake. Mzee Lukasi ndiye aliyeamua zamani kwamba Filomena aende sekondari wakati wengine walitaka abaki na jembe. Alikuwa anaenda kukagua shamba lake asubuhi yenye ukungu, akateleza kwenye njia, akaporomoka na mteremko mpaka katikati ya matuta ya karoti ya jirani. Alivunjika mbavu. Lori la kabichi lililokuwa linakwenda sokoni ndilo lililomshusha mjini. Alipofika kwetu alikuwa anashindwa kuvuta pumzi, na Dk. Irene akaamua awekewe mpira. Mzee wa umri ule, mbavu zimevunjika, hawezi kukohoa: kama kuna mgonjwa nimonia ilikuwa inamngojea mlangoni, ni yeye.

Sheria yetu ni kwamba muuguzi hahudumii ndugu wa damu. Sista Filomena angeweza kuipinda. Sote tungejifanya hatuoni. Hakuipinda. Alivua gauni la kazi, akachukua siku zake chache za ruhusa zilizobaki, na saa ya kuona wagonjwa akaja mlangoni amevaa kitenge, kama ndugu mwingine yeyote, na mswaki mdogo mkononi. Alikuwa ameununua kwa Pili. Pili alinisimulia baadaye kwamba mdomo wake ulishauliza kwa mazoea kama ni wa mahututi kabla macho hayajaona ni nani.

Mswaki ulikuwa umeandikwa jina la Lukasi. Nilinyoosha mikono miwili kuupokea. Aliniita Jonathan. Hajawahi kuniita Jonathan. Mimi kwake ni Mzigua, na siku akinihurumia ni Mzigua wangu. Siku hiyo hakunitania, wala mimi sikuthubutu.

Wiki ile na iliyofuata hatukulala vizuri, hata waliokuwa likizo. Kila siku aliingia kwa saa yake, akanawa, akamwamkia mzee shikamoo, akampa nafasi ya kuitikia. Hakutazama kioo cha mashine. Hakuuliza daktari kitu. Alikwenda kwenye kikombe kilicho pembeni ya kitanda, akaweka kidole gumba juu ya mswaki, akakifuta kidole kwenye kitenge, akatoka. Hakusema umelowa au haukulowa. Sisi tulijua umelowa, kwa kuwa tulikuwa tumeugusa wenyewe, tena kwa zamu, na hata hivyo kila siku tulisimama pale kama watoto wanaosubiri kuambiwa kama wamefaulu.

Ijumaa iliyopita mchana mzee akapata homa. Sitaki kukumbuka sana saa zile. Wazo la Hidaya lilitupita sote kichwani. Tukapiga picha ya kifua, Dk. Irene akaishika juu ya mwanga, akaitazama muda mrefu. Sista Filomena alikuwa koridoni upande wa pili wa kioo. Mikono yake ilikuwa inahangaika na pindo la kitenge, lakini hakuingia, hakubisha hodi. Mapafu yalikuwa safi. Homa ilitoka kwenye mshipa uliochomwa dripu, ambao ulikuwa umevimba. Tukahamisha dripu mkono mwingine na kufikia kesho yake joto likashuka. Nilitoka nje kumweleza. Nilipomaliza alitikisa kichwa kukubali, akaniambia niwahi, muda wa mswaki wa jioni umefika.

Jumatatu hii mzee Lukasi aliondolewa mpira. Anapumua mwenyewe. Sauti bado inakwaruza, lakini alipoipata tu aliitumia kulalamika. Alitaka kumjua mtu aliyekuwa anamsugua kinywa kutwa mara tatu, maana meno yenyewe yamebaki ya kutafuta kwa tochi, na bado tumeyasugua kama masufuria ya msibani. Akaonyesha fizi zake kwa ushahidi. Sista Filomena alikuwa amesimama mguuni pa kitanda. Alicheka, akacheka mpaka machozi, akashika ukingo wa kitanda, na mwishowe akavuta kile kiti cha mgeni akakaa.

Hiyo ni mara ya pili kumwona amekaa. Nilipenda kuiandika hapa ili ibaki.

Kamati ya sherehe imemwandalia zawadi yake ya Ijumaa na sitaifichua. Anarudi Nyandira na mzee wake akishapata nguvu, kwenye nyumba mpya, kulima njegere na, ninavyomjua, kuwasumbua majirani kuhusu meno yao. Jirani mwenye karoti zilizovurugwa amekwisha kuja kumwona mgonjwa, na wamekubaliana mambo ya karoti yaongelewe huko huko mlimani.

Lakini sitaki kumaliza kwa kujifanya nimetulia. Sijatulia. Jumatatu ijayo wodi itaamka bila yeye. Mvua zitarudi, vitanda vitajaa, tutahamishwa, tutachoka, na wapo wageni watakaoajiriwa ambao hawajawahi kumwona akiwa na mikono mfukoni. Nimejikuta nikiamka nyumbani nikifikiria kikombe cha mswaki wa mtu nisiyemjua hata jina. Hofu hii nimeipata kwake, na nimeamua nisiitibu. Abeid ameniambia anayo na yeye, na mwanafunzi aliyemaliza mafunzo kwetu juzi alirudi kutoka getini kugusa mswaki wa mgonjwa wake kabla ya kuondoka. Hakuna aliyemtuma.

Sista Filomena, kwa niaba ya Hospitali ya Bondwa, kwa niaba ya Mwinjuma ambaye kaburi lake lina mgomba, Hidaya na mwanawe, na wote waliotoka kwetu wakipumua bila kujua kwa nini, tunakushukuru. Tunakutakia afya, mavuno mema, watoto na wajukuu wenye heshima, na kiti ambacho hatimaye utakubali kukikalia.

Na ukishuka mjini kuuza njegere, pita wodini. Usitoe taarifa. Ingia, nawa mikono, usituulize kitu. Gusa mswaki wowote.

Utaukuta umelowa.